Ubeti Usioimbwa Kanisani

Nakuru,
Jumapili, 14 Januari 2024

Dadangu Truphena,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Mimi nipo, ila magoti yamestaafu kabla yangu. Ngazi tatu za kanisa zinanitoa jasho kama mtu aliyebeba gunia. Nyokabi mke wangu anakusalimu sana. Amekufumia sweta. Nimemwambia Tana hakuna mwenye haja ya sweta, hakunisikia, kwa hiyo utaikuta ndani ya mfuko huu. Mjukuu wetu mdogo ameanza shule na tayari mwalimu wake amelalamika mara mbili.

Nimekupigia simu tangu Novemba mpaka nimekata tamaa. Mwishowe Wario, yule wa duka la dawa za mifugo pale Garsen, akaniambia simu yako ilienda na maji na kwamba hutaki nyingine. Basi nimerudi kwenye kalamu, kama Baba alivyokuwa akitulazimisha kila muhula. Barua inakuja kwa basi na Wario ataipokea.

Pole tena kwa shemeji Mangi. Sikufika kumzika na jambo hilo linanikaa kifuani. Barabara ilikuwa imekatika, unajua, na daktari naye alikuwa amenikataza safari ndefu. Nasikia alikwenda kufungua mbuzi mafuriko yalipoingia. Ndivyo alivyokuwa, mtu asiyeweza kuacha mnyama kwenye kamba.

Sasa jambo lenyewe. Kanisa letu linatengeneza kitabu kipya cha nyimbo, na mwenyekiti wa kamati ni mimi, kwa neema au kwa kukosa watu. Kuna sehemu ya nyimbo zilizotoka katika zaburi za sifa, zilizotungwa na watu wetu wenyewe, si za kuletewa. Wimbo wa Baba ulipita bila mtu kuupinga. Unajua alivyoutoa katika Zaburi ya 104, ile inayomsifu Mungu kwa chemchemi, kwa majani ya ng'ombe, kwa ndege, na kwa mtu anayetoka kwenda shambani mpaka jioni. Una beti nne, na mimi ninazo tatu. Ule wa tatu, wa mpaka wa maji, sina. Kanisani tuliuruka siku zote, maana Baba alisema huo ni wa ukingoni, wa kuimbwa kando ya kigingi mto unapofura. Mimi niliondoka nyumbani mapema, nakumbuka mstari mmoja tu. Walioimba kwenye mafuriko ya mwaka wa 61 wamekwisha. Daftari la Baba unalo wewe.

Juu ya wimbo tutaweka maelezo: jinsi Baba, Mwalimu Makorani, alivyopiga kigingi kwenye ukingo wa maji jioni, watu wa Idsowe wakaimba, na asubuhi maji yakakutwa yamesimama palepale, siku mbili mfululizo. Nimeyahubiri hayo miaka arobaini. Sasa yataandikwa.

Nitumie ubeti kabla ya Pasaka. Mchapaji ananisukuma.

Kakako,
Gollo


Idsowe,
9 Februari 2024

Kaka Gollo,

Sisi tupo. Barua yako ilikaa kwa Wario siku kumi na moja kwa sababu sikuwa na nguvu ya kwenda Garsen. "Mama, hii karatasi yako mimi nalinda kama ndama," akaniambia, "lakini ndama nakua, hii hapana." Mwambie Nyokabi sweta imenitosha. Kwenye hema tulipata baridi ambayo wewe huwezi kuiamini, na hata sasa naivaa asubuhi.

Tumerudi nyumbani wiki mbili zilizopita. Nyumba haipo, ipo sakafu. Tope limekauka likapasuka na ndani yake nimekuta sufuria, kiatu kimoja na mifupa ya kambare. Migomba imeoza. Vijana wamenijengea chumba cha mabati na nimewashukuru. Mpunga sitapanda mwaka huu. Nimechoka, Kaka, uchovu wa kuamka nao.

Darmi, dadake Mangi, amejenga ng'ambo ya njia. Hatusalimiani.

Daftari la Baba lilikwenda na maji. Ubeti wa tatu siukumbuki. Chapeni mlizo nazo.

Nguvu za kuandika zaidi sina.

Truphena


Nakuru,
26 Februari 2024

Truphena dadangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa habari zenyewe hazifurahishi. Magoti yangu yako vilevile. Nyokabi amevimba kichwa kwa ajili ya ile sweta na sasa anafuma nyingine, nisamehe.

Lakini wewe! Wewe hukumbuki ubeti? Wewe unayekumbuka hadi leo kwamba ni mimi niliyekula maandazi yako mwaka wa 67, na idadi yake? Wimbo huo Baba alikufundisha kwa kukugonga vidole kwa rula. Mwanakamati mmoja aliposikia kwamba umesahau alicheka, akasema basi hata Musa angesahau amri. Mimi sikucheka sana, kwa kuwa nakujua. Ukisema hukumbuki, hutaki.

Kama unaona vibaya kwamba ubeti wa ukingoni utaimbwa kanisani, tutaandika pale juu kwamba ni wa wakati wa mafuriko. Kama ni kwa sababu ya msiba, fikiria Mangi mwenyewe. Alikuwa na sauti ya besi ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine, na aliupenda wimbo huu. Je, asingetaka uchapwe?

Na huyo Darmi ana nini? Msiba huwaleta watu pamoja. Kwani mlikuwa wapi siku ile? Nilidhani mlikuwa mmeshahamia kambini pamoja.

Pasaka ni tarehe thelathini na moja Machi. Nakungoja.

Gollo


Idsowe,
Jumamosi, 30 Machi 2024

Kaka,

Kesho ni Pasaka, na tarehe yako imepita, najua. Hapa tumepata mvua kidogo. Mtoto wa jirani amezaliwa na wamempa jina la Mangi bila kuniuliza. Nilikwenda kumwona, nikarudi.

Umeuliza tulikuwa wapi siku ile. Nitakujibu mara moja, na usiniulize tena.

Chifu alipita na kipaza sauti tangu Ijumaa kusema tuhame. Wengi walihama. Sisi wa kwaya ya zamani tulibaki kumi na mmoja. Unajua kwa nini. Mwaka wa 97 sikuwepo, wala Mangi, tulikuwa Malindi na Mama hospitalini. Wakapiga kigingi na kuimba, na maji yakapita. Wakasema ni kwa sababu hakukuwa na mtoto wa Mwalimu, na sauti hazikutimia, besi hakuna. Tangu hapo nimeambiwa kila mto ukipanda: safari ijayo wewe upo, Truphena, na Mangi yupo. Mimi nikaamini. Nimelelewa na jambo hilo, ningeachaje kuliamini?

Jumapili jioni nikapiga kigingi kwa mkono wangu. Darmi alikuwa na mtumbwi wa kuazima, ameshavusha watu mara mbili. Akaja mara ya tatu. Akamwambia Mangi, "Kaka, panda. Haya maji si ya kuimbia." Mangi akaenda. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani.

Nikamwita. Nilisema, "Mangi, unatuacha bila besi." Sikusema zaidi ya hayo. Alinitazama, akamtazama dadake, akautoa mguu. Darmi aliondoka na mtumbwi nusu mtupu.

Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Ubeti wa tatu tuliuimba mara saba. Kaka, tuliimba vizuri. Sijawahi kusikia tukiimba vile.

Kulipokucha kigingi hakikuonekana. Maji yalikuwa kiunoni, kisha kifuani. Tulishikana mikono twende barabarani, na Mangi akasema anarudi mara moja kuchukua daftari la Baba. Sikumtuma, hilo Mungu analijua. Ukuta ulikuwa umelowa toka chini, ukamlalia. Nikawaambia watu alikwenda kufungua mbuzi. Mbuzi tulikuwa tumewahamisha siku mbili kabla, na Darmi anajua, maana ndiye aliyewavusha. Hajawahi kunisema mbele ya mtu. Ananipita tu.

Sasa nina swali, na wewe ndiye uliyesomea mambo ya Mungu. Baba alipiga kigingi, watu wakaimba, maji yakasimama. Sisi tulipiga kigingi na kuimba wimbo uleule, sauti zote nne, na maji yakapita. Kosa lilikuwa wapi? Kama ni langu, niambie ni lipi, nitamwendea Darmi nikamwambie hivyo. Siwezi kuendelea kuishi ng'ambo ya njia yake bila kulijua.

Nijibu hilo, nami nitakupa ubeti.

Truphena


Nakuru,
22 Aprili 2024

Mpendwa Truphena,

Huku mvua imezidi, na Nyokabi anaumwa mgongo. Nisamehe kwa kuchelewa.

Barua yako imenihuzunisha mno. Sikujua. Nimekuombea kila siku. Kuhusu swali lako, dadangu, njia za Mungu hazichunguziki, na hatupaswi kumdai hesabu. Alimsikia Baba kwa namna yake na atakusikia wewe kwa namna yake. Jipe moyo. Usijilaumu. Nenda kwa mchungaji wenu pale, mwombe akuombee.

Kamati imenipa mpaka mwisho wa Juni. Tusiliharakishe.

Wako katika Bwana,
Gollo


Kambini, karibu na Garsen,
6 Mei 2024

Gollo,

Mto umerudi na tuko kambini tena. Safari hii nilipanda mtumbwi wa kwanza na wala sikungoja kuambiwa. Mabati yangu sijui kama yapo.

Hukunijibu. Maneno uliyoniandikia ni yale unayowaambia watu mlangoni ibada ikiisha. Nimeyasikia kwako tangu ulipovaa kola.

Watu wa msaada walitugawia blanketi, na wengine Biblia, na mimi nilipata zote mbili. Hapa hakuna kazi ya kufanya, basi nimeisoma Zaburi ya 104 yote, toka juu mpaka chini, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Hucheki? Miaka sitini naimba wimbo wake na sijawahi kuisoma hadi mwisho. Kumbe mbele huko, baada ya simba na bahari na meli, inasema kwamba Mungu akiuficha uso wake viumbe wanafadhaika, akiiondoa pumzi yao wanakufa na kurudi mavumbini. Ni zaburi hiyohiyo ya sifa, na ni Mungu huyohuyo wa mpaka wa maji. Baba aliuruka mstari huo. Ametupa ng'ombe na ndege na mpaka, na kifo akakiacha kwenye kitabu.

Wewe ulisoma yote. Mimi nilikuwa na wimbo tu. Ulijua nini ambacho mimi sikijui?

Truphena


Nakuru,
Jumapili ya Pentekoste, 19 Mei 2024

Truphena,

Leo sikwenda kanisani. Nilimwambia Nyokabi kwamba magoti yanauma, na hata hilo ni uongo. Nimekaa mezani tangu asubuhi. Karatasi tatu nimezichana.

Umeniuliza nilijua nini. Nilijua hivi.

Mwaka wa 1989, Baba alipolazwa Malindi, wewe ulikuwa umerudi nyumbani kumletea nguo. Akaniambia nifunge mlango. Akasema kwamba mwaka wa 61 maji hayakusimama kwenye kigingi. Yalipita. Baba aliamka kabla ya watu, siku zote mbili, akakitoa kigingi chini ya maji na kukipiga tena kwenye ukingo mpya. Kijijini kulikuwa na mitumbwi miwili. Watu walikuwa wameanza kuipigania, mama mmoja na mtoto wake wakasukumwa majini, na mtoto hakupatikana. Baba alikuwa ametuma ujumbe kijiji cha Ngao kuomba mitumbwi zaidi, na alihitaji watu watulie mahali pamoja mpaka ifike. Ndipo akawapa wimbo na kigingi. Siku ya tatu mitumbwi ikaja, ikawavusha wote. Baada ya hapo mto ukashuka wenyewe. Watu wakakumbuka kigingi, wakaisahau mitumbwi.

Maneno yake niliyashika yalivyo. Alisema, "Nilikisogeza ili watu wangoje mtumbwi, si ili waukatae." Kisha akasema, "Mwambie Truphena, kwa kuwa yeye ndiye atakayebaki na wimbo."

Nikasema ndiyo, Baba.

Alikufa wiki ile. Wakati wa mazishi nilisimama kuhubiri, na midomo yangu ikasimulia kigingi kama nilivyozoea kukisimulia, na watu wakalia. Ningekuambia siku gani baada ya hapo? Hubiri hilo ndilo lililonipeleka kila mahali. Nimealikwa nalo Meru, Voi, hata ng'ambo. Bila kigingi mimi ni mchungaji wa kawaida mwenye sauti ya puani. Nilijiambia halimdhuru mtu. Nilijiambia siku hizi watu wana redio, wana chifu, nani atakayekaa kungoja kigingi. Mwaka wa 97 nilisikia kwamba maji yalipita, na kwamba wamesema ni kukosa besi. Nilicheka, Truphena. Nilikuwa hapa Nakuru, nikacheka, na sikuandika barua.

Kwa hiyo kosa unalolitafuta si lako. Hukuimba vibaya. Hakuna mtu aliyesikilizwa, nawe ukaachwa bila kusikilizwa. Zaburi inamsifu Mungu kwa mpaka aliouweka. Haikusema mpaka huo uko Idsowe, kwenye kijiti chetu. Hayo niliyajua chuoni na niliyajua hospitalini. Mangi alitoa mguu kwenye mtumbwi kwa sababu ya jambo ambalo mimi ningelimaliza kwa stempu moja.

Nimeogopa kukuandikia haya kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Kamati sijaiambia.

Gollo


Idsowe,
10 Juni 2024

Kaka,

Nakusalimu. Tumerudi tena kwenye tope. Mabati yapo, mlango hakuna. Nyokabi mpe pole ya mgongo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilipumua, nikalala mchana kama mtoto, kitu ambacho sijafanya tangu Novemba. Nilipoamka nikaisoma tena na hasira ikaja, na mpaka leo haijaondoka. Miezi saba nimekuwa nikimuuliza Mungu swali ambalo jibu lake lilikuwa kwako. Nilikuwa nikienda mtoni peke yangu kuimba mstari kwa mstari, nikitafuta tulipokosea. Watu waliniona. Wanadhani nimerukwa na akili.

Baba sijui nimfanyeje. Alitaka kuokoa watu, na aliwaokoa. Lakini alikaa miaka ishirini na minane akitazama watu wakifundishana kigingi, naye akinigonga vidole ili niushike ubeti vizuri. Kwa nini hakuniambia yeye? Aliogopa kama wewe tu. Mmefanana.

Nilikuahidi ubeti, huu hapa. Nakuandikia kwa Kiswahili, maana nikiuandika kwa Kipokomo nitakuwa naimba, na sitaki:

Maji yalisimama juu ya milima, ukayakemea yakakimbia.
Umeyawekea mpaka, yasirudi kuifunika nchi.
Ewe mto, simama hapa, kwenye mti wa watu wako.

Mistari miwili ya kwanza imo kwenye zaburi, unaweza kuifuata kwa kidole. Wa tatu haumo. Nimeutafuta mpaka mwisho. Huo ni wa Baba, na huo ndio tulioimba mara saba.

Usiuchape. Na yale maelezo ya kigingi usiyachape, hata ukiyarekebisha. Beti tatu zinazobaki ni za sifa na hazijamuua mtu, ziacheni ziimbwe. Lakini hata hizo hamchapi kabla hujaja hapa. Kumi tuliobaki kando ya ule mto bado tunaamini tulikosea kuimba. Bwana mmoja mzee amekataa kurudi kanisani kwa sababu anadhani ni yeye aliyepoteza sauti katikati. Wengine wameshaanza kusema safari ijayo tutafute besi mbili. Umesikia? Besi mbili. Mto utapanda tena mwaka huu au ujao.

Mimi nikiwaambia watasema ni uchungu wa mjane. Wewe ndiye uliyewahubiria, kwa hiyo njoo uwaambie kwa mdomo huohuo. Na Darmi awepo.

Sijakusamehe. Nakuambia mapema usije ukitegemea hilo.

Truphena


Garsen,
Alhamisi, 11 Julai 2024

Dadangu,

Niko hapa Garsen. Nilifika jana kwa basi la Malindi, na nimelala kwenye nyumba ya wageni nyuma ya soko la mbuzi. Kutoka hapa hadi kwako ni mwendo mfupi wa pikipiki na tangu asubuhi zimeniita saba. Nimekaa. Wario amenitazama akasema, "Mzee, barua yako siku zote nafika. Leo wewe barua, nani atakubeba?" Nikamwomba kalamu.

Kamati nimeiambia yote kwenye kikao. Katibu akauliza kama tunaweza kubakiza maelezo kwa faida ya waumini. Nikajiuzulu. Beti tatu zimo, maelezo hayamo.

Nimeandaa la kusema, na kila nikilisoma linageuka hubiri. Truphena, naona haya hata kuvuka barabara. Niambie nifanye nini.

Gollo


(Nyuma ya karatasi hiyohiyo)

Kaka,

Wario alipoileta nilimsoma usoni kabla sijafungua, nikajua umekwama.

Ulichoandaa kiache hapohapo Garsen. Usianze kwa maombi wala usitaje zaburi. Sema Baba alikisogeza, sema ulijua, kisha kaa chini. Jumapili watakaokuja kanisani ni wengi, nimewaambia kuna mtu ana neno baada ya matangazo. Sikusema ni nani.

Darmi nilimwendea jana. Ilikuwa mara ya kwanza kuvuka ile njia. Nilimsomea barua yako ya Mei mlangoni kwake, yote, mpaka pale uliposema ulicheka. Alisikiliza mpaka maharage yakaungua jikoni. Nikamwambia pia ni mimi niliyemwita Mangi arudi, na kwamba hilo barua yako hailifuti. Akasema, "Hilo najua. Mimi nilikuwa pale." Kisha akaniuliza unakula nini siku hizi, wewe mtu wa Nakuru.

Nikamwambia unakula samaki.

Amesema atakupikia. Hajasema kama atakula nawe. Panda pikipiki uje.

Truphena